Uso wa Mwanaasha

Swalehe hakuwa mtu wa kukaa. Hata kula alikula wima, bakuli mkononi, akitembea toka mlango wa mbele hadi wa uani, na majirani zake wa Kihurio walishazoea kusema kwamba mwalimu huyu ana siafu ndani ya suruali. Lakini juma lile alizidi. Aliacha chai ikapoa, akaenda shuleni, akarudi nyumbani, akasahau alichorudia, akaenda tena. Lori la Same lilikuwa linaondoka Jumatatu alfajiri, na kitabu chake kilitakiwa kuwamo, kikiwa na saini ya mkwewe. Saini ndiyo ilikuwa haijapatikana.

Mambo yote yalianza na nguruwe.

Shule ya serikali ya Kihurio ilikuwa na walimu wawili. Mmoja ni Swalehe, mzaliwa wa papo hapo, na wa pili ni Nathanaeli, Mkristo wa Myamba kule juu milimani, mtu mpole aliyevaa koti la sufu hata kwenye joto la mpungani. Vitabu vya kusomea viliwafikia katika sanduku la mbao, vipya, vya kunukia. Ndani yake mlikuwa na mtoto aliyeitwa Petro. Petro alivaa viatu hata jikoni, Jumapili alikwenda kanisani na shangazi yake mwenye kofia ya manyoya, na alikuwa na nguruwe wake mdogo, mweupe, aliyefungwa utepe shingoni. Kule Myamba watoto walivisoma, wakacheka, wakafungua ukurasa mwingine. Kihurio, siku ya nguruwe, darasa zima lilipanda juu ya mabenchi. Bibi mmoja alikishika kitabu cha mjukuu wake kwa koleo la jikoni, akakibeba mbele ya macho ya watu hadi mferejini, akakitumbukiza. Wenye zamu ya maji jioni ile wakaziba njia zote za kuingia mashambani mpaka Petro na mnyama wake wapite salama, waende wanakokwenda.

Tangu hapo mabenchi yakabaki matupu. Wazazi hawakugombana na mtu, hawakuandika barua wala kuitisha baraza, waliwaweka tu watoto wao nyumbani wafukuze ndege kwenye mpunga. Na ofisa wa elimu wa Same, alipokuja na kofia yake ngumu akakuta walimu wawili wanafundisha watoto wasiojaza benchi moja, alisema kwamba shule isiyo na watoto ni banda.

"Chora kitabu chako," Nathanaeli alimwambia Swalehe baada ya ofisa kuondoka. "Wewe unachora vizuri kuliko huyo aliyemchora nguruwe."

"Nichore nini?"

"Chora kwenu. Mimi nimekaa na ninyi muda wote huu na sijaona hata picha moja ya mtu anayetawadha."

Basi Swalehe akachora. Ofisa alikubali kukituma kitabu kikachapwe Tanga, ila kwa sharti moja: maalim wa msikiti wa Kihurio akisome na atie saini. "Sitaki vitabu vingine vijifunze kuogelea," alisema, na kwa Mwingereza huo ulikuwa mzaha mzuri, hata Nathanaeli alicheka.

Kilikuwa kitabu cha siku moja ya mtoto, na wala hakikuwa na makuu. Adhana ya alfajiri, na mtoto anayejifunika shuka kichwani asiisikie. Mtoto huyo huyo mferejini, anatawadha huku meno yakigongana, maana maji ya Kihurio yanatoka mlimani na asubuhi yanauma. Watoto wa chuo cha Qur'ani na mbao zao za kuandikia. Baba amechuchumaa na jembe begani akingoja zamu yake ya maji, na jirani anayejifanya hajui kwamba zamu yake imekwisha. Kijiji kizima kimegeukia milima jua likizama, kila mtu anatafuta mwezi wa Ramadhani juu ya kilele, na mzee mmoja asiyeona vizuri ndiye anayepiga kelele kwamba ameuona. Kisha ukafuata ukurasa wa mama, anapika uji wa kufuturu.

Ukurasa ule ndio uliomfanya Swalehe asilale wala asikae.

Mama yule alikuwa Mwanaasha, mke wake. Mwanaasha alifariki wakati Salama, binti yao, alikuwa bado ananyonya. Walikuwa wamepanga kwenda Same wapigwe picha siku ya Idi, mvua ikavunja daraja, wakasema tutakwenda Idi ijayo. Hapakuwa na picha ya Mwanaasha popote chini ya jua. Alikuwa kichwani mwa Swalehe tu, na kichwa chenyewe kilikuwa kimeanza kumsaliti. Kuna siku aliamka akamtafuta, akapata sauti, akapata mikono, uso hakuupata, na siku ile alitembea mpaka chini ya mlima na kurudi bila kujua alichofuata. Salama angekuwa msaada, lakini Salama alimchukua baba yake, masikio na yote, maskini.

Kisha asubuhi moja mwanamke fulani akacheka sokoni, nyuma yake, na uso ukarudi mzima. Swalehe alikimbia. Aliacha kapu la nyanya, akakimbia mpaka shuleni, akachora kwa wino bila kuanza na kalamu ya risasi, na alipomaliza Mwanaasha alikuwa pale juu ya sufuria, anageuka kidogo kama mtu aliyeitwa. Nathanaeli aliangalia akavua kofia. Hakuwa amewahi kumwona Mwanaasha, lakini alijua.

Swalehe aliapa kwamba Salama atajifunza kusoma kwa kitabu kile, na atakapofika ukurasa ule atamjua mama yake. Kwake yeye, shule ilikuwa sababu nzuri. Hii ndiyo ilikuwa sababu yenyewe.

Sasa, maalim mwenye kutia saini alikuwa Maalim Mbaraka, baba yake Mwanaasha. Na hapa ndipo siafu walipoingia suruali kwelikweli. Kila mtu Kihurio alijua, au alisema anajua, kwamba kuchora kiumbe mwenye roho ni jambo zito. Wako waliosema ni haramu moja kwa moja, wako waliosema si kitu usipochora uso, na wako waliosema muulizeni maalim. Lakini Swalehe angemuulizaje? Kwao, mkwe hamwendei mkwe na neno zito mdomoni. Neno hupita kwa mshenga, yule yule aliyeposa, na ushenga hauishi hata ndoa ikiisha. Maalim na Swalehe waliamkiana msikitini, shikamoo, marahaba, basi. Kwa mama mkwe ndiyo usiseme. Salama alilelewa na bibi yake, na kila Swalehe alipokwenda kumwona mtoto, alikohoa tangu njiani, bibi akajifunika kanga akapita uani, na Swalehe akainamisha macho mpaka kisigino cha mwisho kipotee. Tangu siku ya posa hakuwa amemwangalia usoni. Angemwona sokoni asingemtambua, ila kwa visigino.

Mshenga wake alikuwa Iddi fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi na mafuta mengi mikononi.

"Nenda ukamuulize mzee," Swalehe alimwambia Jumatano. "Useme: mwalimu amechora watu, wana nyuso. Je, kuna ubaya? Na umwambie ni kitabu cha watoto. Usisahau kusema ni cha watoto."

"Nimeshika."

"Na ukurasa wa mama usiutaje. Au utaje. Hapana, usiutaje, auone mwenyewe."

"Mwalimu, kaa chini basi. Unanizungusha kichwa."

Iddi akaenda. Swalehe alifundisha siku nzima bila kujua anafundisha nini. Nathanaeli alimkuta ameandika hesabu ile ile ubaoni mara mbili na kuipa majibu tofauti. Jioni Iddi akarudi, akaegesha baiskeli, akaanza kuufuta mnyororo ambao haukuwa mchafu.

"Haya?"

"Mzee anasema nyuso ziondoke."

"Zote?"

"Zote."

"Hata za akina mama? Hata..."

"Mwalimu," Iddi alisema bila kuinua kichwa, "zote maana yake zote. Ondoa, atie saini, shule ijae. Si ndilo unalotaka?"

Swalehe akatoka. Alitembea. Alipita mashamba ya mpunga, akapita msikiti, akapita nyumba ya wakwe zake kwa mbali, akasikia Salama anaimba kitu, akageuka. Alitaka kwenda kumwambia maalim, mzee wangu, mmoja tu, niachie huyu mmoja. Miguu ilifika mpaka kwenye ua wao wa minyaa. Ikasimama hapo, ikarudi. Heshima ni kitu kizuri, lakini siku nyingine inafanana sana na woga, na Swalehe alijua hivyo na akajichukia njia nzima.

Ijumaa baada ya sala alijifungia darasani na wembe. Wino ukishakauka kwenye karatasi nzito hukwanguliwa taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Alianza na rahisi. Mzee wa mwezi akapoteza uso, jirani mwizi wa maji akapoteza uso, mtoto wa mferejini akapoteza meno yake yanayogongana. Ukutani, juu ya ubao, Malkia wa Uingereza alimtazama kutoka kwenye picha yake mpya, amevaa taji, anatabasamu.

"Wewe una uso," Swalehe alimwambia, na akaona haya kuzungumza na picha.

Nathanaeli aligonga, akaingia, akaona ukurasa gani umebaki.

"Huyo mwache. Mfunike na kitu kingine. Mchore ametupa kisogo."

"Nitauchora lini mwingine? Lori ni Jumatatu. Na mzee ameshasema zote; nikimficha huyu mmoja nitakuwa nimemdanganya."

"Amekwambia wewe?"

"Amemwambia Iddi."

Nathanaeli alitaka kusema jambo, akaona si mahali pake. Alikuwa mgeni wa dini ile na wa mila ile, na mgeni akiingilia ya wakwe hutoka na nundu. Akatoka nje akakohoa huko. Swalehe akaweka wembe juu ya paji la uso wa mkewe, akafumba macho, na akakwangua.

Jumapili baada ya alasiri walikaa mkekani nje ya nyumba ya Maalim Mbaraka: maalim, Iddi katikati, Swalehe pembeni amekunja miguu na kukunjua, amekunja tena. Maalim alikuwa mtu mkavu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema bismillahi, akafungua kitabu.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Kwenye shuka la alfajiri aliguna. Kwenye mfereji alisema, "Maji hayo nayajua." Kwenye zamu ya maji alimtaja jirani mwizi kwa jina lake kamili, ingawa hakuwa na uso, na Iddi akacheka kuliko kichekesho chenyewe. Swalehe alianza kupumua. Kisha maalim akafungua ukurasa wa mama, na mkono wake ukabaki hewani.

Mwanamke asiye na uso alisimama mbele ya sufuria, mguu mmoja juu ya mguu mwingine, kama korongo mtoni.

"Huyu ni Mwanaasha," alisema maalim.

Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlango, kitu kilianguka, labda upawa.

"Iddi," alisema maalim, "muulize mwalimu kwa nini mwanangu hana uso."

Iddi akamgeukia Swalehe, jasho likimtoka. "Maalim anauliza kwa nini hana uso."

"Mwambie maalim nimefuata neno lake."

Iddi akajifuta mikono kwenye suruali.

"Iddi. Mwambie."

Iddi aliangalia mkeka kana kwamba ndio kwanza anauona. Mjumbe hauawi, husema watu, lakini Iddi hakuonekana mtu anayetaka kujaribu. Maalim akavua miwani, akampita mshenga kwa macho, akamwangalia mkwewe moja kwa moja.

"Neno langu gani?"

"Kwamba nyuso zote ziondoke," alisema Swalehe, na sauti yake ikamshtua mwenyewe.

"Mimi? Nilisema lini?"

"Nilikuja, maalim," Iddi akaanza, kwa haraka, kama mtu anayetapika. "Wallahi nilikuja. Nikakukuta umemfokea fundi wa mlango wa msikiti. Nikaona leo siyo siku. Nikala wali, nikaaga. Njiani nikajiambia, kwani jibu silijui? Kila mtu si analijua?"

"Kila mtu analijua ila mimi," alisema maalim. Alivaa tena miwani yake, na alipozungumza hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sanamu la kuabudiwa ni jambo moja. Cha kumfundishia mtoto ni jambo jingine. Bi Aisha alikuwa na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na hakunyang'anywa. Wako wenzangu watakaonibishia, na wanibishie. Lakini mngeniuliza." Akagusa pale palipokwanguliwa, karatasi imekuwa na manyoya. "Mrudishie."

"Sasa hivi?"

"Si lori ni kesho?"

Swalehe akachukua karatasi safi mkobani, akashika kalamu ya risasi. Sufuria likaja, kanga ikaja, miguu ya korongo ikaja yenyewe. Akafika usoni. Akachora.

Maalim akatazama. "Siye."

Akafuta, akachora tena. Macho yakawa ya mtu mwingine, mwanamke mzuri asiyemjua.

"Siye," alisema maalim, kwa upole zaidi.

Mara ya tatu hakungoja kuambiwa. Aliweka kalamu chini. Alijaribu kuita kile kicheko cha sokoni, akapata kelele tu. Uso ulikuwa umekwenda. Aliukwangua kwa mkono wake mwenyewe, kwa neno ambalo hakuna mtu aliyelisema, kwa sababu hakuthubutu kuruka ua wa minyaa. Machozi yakamtoka mbele ya mkwewe, na hakuyafuta.

"Nisaidie, baba," alisema. "Paji lake lilikuwaje?"

Maalim Mbaraka alifungua mdomo. Akaufunga. "Lilikuwa..." alisema, na mkono wake ukachora kitu hewani, ukashindwa, ukarudi mapajani. Naye alikuwa hajui. Alikuwa akimwombea dua kila alfajiri na hakujua kwamba alikwisha kumpoteza.

Pazia la mlango likasogea.

Mama Mwanaasha alitoka, mtoto akiwa ameshikilia kanga yake. Swalehe aliona visigino, na kama ilivyo desturi akainamisha kichwa, akaanza kujivuta nyuma mkekani. Visigino havikupita uani. Vilikuja vikasimama mbele yake, kisha mwanamke akaketi, magoti yake karibu yaguse karatasi.

"Mke wangu," alisema maalim.

"Dini haikunikataza. Nimeishi nawe, naijua. Kwa dini huyu ni mwanangu," alisema. "Ni mila ya huku tu, na mila haijakatazwa kungoja nje kidogo." Kisha kwa Swalehe: "Inua kichwa."

Swalehe hakuweza. Shingo ilikuwa nzito kama ya mtu aliyebeba gunia.

"Inua kichwa, baba. Walikuwa wakituita pacha, mimi na yeye, hata mwalimu wa chuo alikuwa akituchanganya kwa mbali. Wewe ndiye pekee usiyejua, kwa adabu zako. Niangalie."

Aliinua macho.

Mwanaasha alikuwa amekaa mbele yake. Amezeeka, amekonda mashavu, macho yamechoka kwa kulia na kwa moshi, lakini ni yeye: nyusi zinazokaribia kukutana, mdomo unaotaka kucheka kabla ya sababu. Muda wote ule Swalehe alikuwa akimkimbia mama huyu njiani, akimpisha, akihesabu visigino vyake, na uso alioutafuta mpaka akachanganyikiwa ulikuwa umejifunika kanga hatua chache kutoka kwake. Swalehe alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na akafanya vyote.

Kisha akachora. Alichora kilichokuwa mbele yake, halafu akaanza kuondoa miaka, mkunjo mmoja mmoja, mama akitulia tuli kama mtu anayesukwa nywele. Maalim alikuwa amesogea nyuma ya bega lake. Hakusema siye.

Salama akaachia kanga, akaja akaegemea goti la baba yake, akaangalia.

"Huyu bibi," alisema.

"Siye bibi," Swalehe alimwambia, mbele ya wakwe zake wote wawili, bila mshenga. "Huyu ni mama yako."

Mtoto alitazama muda mrefu. Akanyoosha kidole kwenye sufuria. "Anapika nini?"

Mama Mwanaasha ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikatika katikati.

"Uji. Na aliuunguza kila siku, huyo, na kila siku tuliunywa."